Hadhi ya Mwanafunzi Ugenini na Sheria Zinazogeuka Katikati ya Masomo

Mwanafunzi anayesoma nje ya nchi yake huishi kwa nguvu ya mambo matatu ambayo watu wengi huyachanganya, ingawa kila moja lina kazi yake na mamlaka yake. La kwanza ni pasipoti, inayotolewa na nchi yake na kushuhudia kwamba yeye ni raia wa huko. La pili ni viza, inayotolewa na nchi anakokwenda, na ambayo kazi yake huishia mpakani, kwa maana humruhusu mwenye nayo kufika na kuomba aingie. La tatu halishikiki mkononi, lakini ndilo lenye uzito kuliko yote: ni hadhi ya kisheria, yaani uhusiano unaoendelea kati ya mgeni na serikali inayompokea, unaoanza siku anapoingia na kudumu maadamu amesajiliwa chuoni, anahudhuria masomo, amelipa ada, hafanyi kazi asiyoruhusiwa, na anafanya upya kibali chake kabla muda haujaisha. Viza inaweza kwisha huku hadhi ikiendelea. Hadhi nayo inaweza kufutwa huku viza ikiwa bado na miezi mingi mbele yake, na mwanafunzi akajikuta yumo nchini bila haki ya kuwamo, pasipo yeye mwenyewe kubadilisha chochote katika mwenendo wake.

Juu ya msingi huo mhadhara huu unajenga hoja moja, nayo ni kwamba kugeuka kwa sheria baada ya safari kuanza humwumiza mwanafunzi mgeni kuliko ukali wa sheria yenyewe. Sheria kali inayojulikana mapema humwezesha mzazi kupima uwezo wake na kumwelekeza mtoto kwingine, au kumbakiza nyumbani. Sheria inayobadilishwa mtoto akiwa mwaka wa pili humkuta mzazi ameshauza alichokuwa nacho, na mtoto ameshaiacha nafasi aliyokuwa nayo katika chuo cha kwao. Hali yake ni ya msafiri aliyepanda mtumbwi akaambiwa katikati ya Lualaba kwamba gati alilolilipia nauli limehamishwa. Kila nchi ina haki ya kuchagua nani aingie katika ardhi yake, na haki hiyo haipingwi hapa; kinachopingwa ni kuitumia dhidi ya watu waliokwisha kuingia, wakapewa masharti, na wakayatimiza.

Mjini Kindu jambo hili lina uzito wa pekee kwa sababu ya umbali. Kijana wa Kasuku, wa Mikelenge au wa Alunguli anayetaka kusoma Ubelgiji, Kanada au Marekani hana ubalozi wa kuuendea katika mkoa wake, hivyo hana budi kufika Kinshasa, na kwa hali ya barabara za Maniema safari hiyo ni ya ndege: tiketi, malazi ya majuma kadhaa kwa jamaa, na ada ya viza isiyorudishwa hata maombi yakikataliwa. Njia ya mashariki, ambayo wengi waliizoea kwa kupitia Goma na kuvuka kwenda Rwanda, Uganda na Kenya, iliharibika pale waasi wa M23 walipouteka mji huo mwishoni mwa Januari 2025, uwanja wake wa ndege ukafungwa, na Bukavu ikafuata katikati ya Februari. Gharama zote hizo, pamoja na ada ya chuo ambayo Wakongomani huiita minervali, kwa kawaida hazitoki katika mfuko wa mtu mmoja. Hutoka kwa mjomba mwenye duka, kwa shangazi anayeuza mchele, kwa likelemba, yaani mchango wa zamu ambao kila mwanachama hupokea siku yake, na mara nyingine kwa kiwanja kilichouzwa. Serikali ya mbali inapobadilisha kanuni kwa tangazo la siku moja, kijana wa Kinshasa aliye karibu na balozi anaweza kuhesabu amecheleweshwa. Familia ya Kindu hupoteza mwaka mzima, na pengine hupoteza kabisa uwezo wa kujaribu tena.

Mwaka 2025 ulitoa mifano ya jambo hili kwa wingi usio wa kawaida, na mingi ilitoka Marekani. Mfano wa kwanza unagusa Kongo kwa namna ambayo haikuzungumzwa vya kutosha. Tarehe 5 Aprili 2025 Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, Marco Rubio, alitangaza kwamba viza zote za watu wenye pasipoti za Sudan Kusini zimefutwa na kwamba hazitatolewa nyingine, kwa sababu serikali ya Juba ilikuwa imekataa kumpokea mtu aliyerudishwa kutoka Marekani. Juba ilieleza kwamba mtu huyo hakuwa raia wake, bali alikuwa Mkongomani aliyesafiri kwa hati ya mtu mwingine. Mgogoro juu ya utambulisho wa mtu mmoja ukageuka kuwa adhabu ya taifa zima, na miongoni mwa walioguswa walikuwamo wanafunzi ambao hawakuwa na habari yoyote ya mtu huyo. Anayejulikana zaidi kati yao, Khaman Maluach, kijana aliyekulia Uganda, alikuwa siku hiyohiyo akiichezea timu ya mpira wa kikapu ya Chuo Kikuu cha Duke katika nusu fainali ya mashindano ya vyuo vya Marekani. Siku chache baadaye Juba ilikubali kumpokea mtu huyo, lakini viza hazikurudishwa papo hapo, na wanafunzi waliokuwa ndani ya Marekani walibaki na swali ambalo hata wanasheria walilijibu kwa tahadhari: je, mtu ambaye viza yake imefutwa angali na hadhi?

Swali hilo lilikuwa limekwisha kuwasumbua maelfu ya wanafunzi wa mataifa mengine katika majuma yaleyale. Marekani huweka kumbukumbu za wanafunzi wageni katika mfumo wa kompyuta unaoitwa SEVIS, ulioanza kutumika mwaka 2003, ambamo kila chuo hujaza habari za usajili na anwani, na ambamo serikali huweza kuona nani yumo na nani ametoka. Katika masika ya mwaka 2025 rekodi za maelfu ya wanafunzi zilifungwa na serikali yenyewe, mara nyingi bila mwanafunzi wala chuo kuarifiwa, na chuo kikagundua tu pale ofisa wake alipofungua mfumo. Wengi walikuwa hawajahukumiwa kwa kosa lolote. Majina yao yalikuwa yameonekana katika hifadhi za polisi kwa jambo dogo kama kosa la barabarani, au kwa shitaka lililokwisha kufutwa. Kesi zilifunguliwa katika majimbo mengi, majaji wakatoa amri za kuzuia, na tarehe 25 Aprili serikali iliwaambia majaji kwamba inazirudisha rekodi hizo huku ikiandaa kanuni za kuzifunga kwa utaratibu. Hapo ndipo ubaya wa jambo unapodhihirika, kwa sababu serikali ilikiri kwa kitendo hicho kwamba ilikuwa imefuta hadhi za watu kabla haijawa na kanuni inayosema zifutwe lini na kwa sababu gani. Mwanafunzi aliyekwisha kuondoka kwa hofu, akaacha chumba alichokipanga na mtihani alioujiandalia, hakurudishiwa alichopoteza kwa sababu tu rekodi yake imefunguliwa tena.

Kisha likaja tangazo la tarehe 4 Juni 2025, lililoanza kutumika tarehe 9 ya mwezi huohuo, ambalo Rais Donald Trump alilitumia kuwazuia kuingia raia wa nchi kumi na mbili kwa ukamilifu na wa nchi saba kwa sehemu. Jamhuri ya Kongo, ile ya Brazzaville, ilikuwa katika kundi la kwanza. Burundi ilikuwa katika kundi la pili, na kizuizi chake kilitaja waziwazi viza za wanafunzi pamoja na za watalii na wafanyabiashara. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo haikuwamo. Watu wa Kinshasa, ambao huiona Brazzaville kwa macho ng'ambo ya mto, walijikuta upande mmoja wa maji wanaweza kuomba na upande wa pili hawawezi, na kwa siku kadhaa familia nyingi hazikujua ni Kongo ipi iliyotajwa. Sababu iliyotolewa ilikuwa kiwango cha watu wanaobaki Marekani baada ya muda wao kwisha: tangazo lilitaja asilimia 35.14 kwa wanafunzi na wageni wa kubadilishana kutoka Kongo-Brazzaville, na asilimia 17.52 kwa wale wa Burundi. Takwimu hizo zinahitaji kusomwa kwa uangalifu. Nchi inayopeleka wanafunzi wachache mno huweza kupata asilimia kubwa kwa makosa ya watu wachache, na hata pale asilimia inapokuwa sahihi, inahesabu waliovunja masharti jana ili kumfungia mlango yule ambaye bado hajayapewa. Watu wa Uvira na wa Bujumbura, wanaoishi pande mbili za mpaka mmoja, wakasoma katika shule zinazopakana na kuoana, walitenganishwa na hesabu ambayo wala mmoja wao hakuwa na mkono ndani yake.

Hata Kongo ya Kinshasa haikuachwa kwa amani. Katikati ya Juni mwaka huohuo vyombo vya habari vya Marekani vilitoa habari za waraka wa ndani wa serikali uliotaja nchi nyingine 36 ambazo zingeweza kuongezwa ikiwa hazingetimiza masharti katika muda wa siku 60, na humo mlikuwamo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, pamoja na Tanzania, Uganda, Zambia na Angola. Siku 60 zilipita bila uamuzi. Mwaka wa masomo ulianza, wanafunzi waliokubaliwa wakalazimika kuamua kama walipie nafasi zao au waziache, na uamuzi ulikuja tarehe 16 Desemba 2025, pale orodha mpya ilipotangazwa: Tanzania, Zambia na Angola zikaingia, Kongo ya Kinshasa na Uganda zikabaki nje. Nusu mwaka wa kungoja ulikuwa na gharama yake, hata kwa wale walioponea. Chuo cha kigeni kinachopaswa kuchagua kati ya mwombaji ambaye nchi yake haina wasiwasi na mwombaji ambaye nchi yake imo katika waraka wa siri uliovuja hakihitaji sheria yoyote ili kumpendelea wa kwanza, na hakuna hakimu anayeweza kupelekewa kesi juu ya upendeleo wa namna hiyo kwa sababu hakuna amri iliyotolewa.

Jambo moja katika matangazo haya halina budi kusisitizwa, kwa kuwa ndilo linaloonyesha tofauti kati ya viza na hadhi katika maisha ya kila siku. Matangazo yenyewe hayakuwafukuza wanafunzi waliokuwa ndani, wala viza zilizokwisha kutolewa hazikufutwa kwa maneno yake. Mwanafunzi Mrundi aliyekuwa mwaka wa tatu aliendelea na masomo kihalali. Lakini siku viza yake inapokwisha, akitoka hawezi kupata nyingine ya kurudia, na kwa hiyo nchi aliyoingia kwa hiari inakuwa nchi asiyoweza kutoka bila kupoteza alichokijia. Baba akifariki, mwana hatamzika. Katika jamii za Maziwa Makuu, ambako mtoto asiyefika msibani huulizwa maisha yake yote alikuwa wapi, hilo ni jeraha ambalo afisa aliyeandika tangazo huenda hakuwahi kulifikiria, na mzazi wa Kindu anapaswa kulijua kabla ya kumuaga mwanawe kwa machozi ya furaha kwenye uwanja wa ndege.

Historia ya karibu inaonyesha pia kwamba ugeukaji wa namna hii hupingika, na kwamba kupingwa kwake hakuponyi kila kitu. Tarehe 6 Julai 2020, wakati wa janga la Korona, idara ya uhamiaji ya Marekani ilitangaza kwamba mwanafunzi mgeni ambaye chuo chake kingefundisha kwa intaneti pekee hangeruhusiwa kubaki. Miezi minne kabla ya hapo idara hiyohiyo ilikuwa imeruhusu jambo hilo kwa maandishi. Vyuo vya Harvard na MIT vilifungua kesi mjini Boston siku mbili baadaye, na tarehe 14 Julai, mbele ya Jaji Allison Burroughs, serikali ilikubali kuliondoa tangazo lake. Siku nane zilitosha kulivunja. Lakini waliolazimisha liondolewe ni vyuo vyenye fedha na mawakili, na somo linalopatikana ni kwamba hadhi ya mwanafunzi mgeni hutegemea sana ubavu wa chuo alichomo: mwanafunzi wa chuo kidogo kisicho na wakili wa kudumu hufika mahakamani kwa kufuata mkia wa wakubwa.

Kwa Wakongomani, ambao lugha yao ya shule ni Kifaransa, mfano wa Québec una manufaa zaidi kuliko wa Marekani. Jimbo hilo la Kanada liliwavuta wanafunzi wa Afrika kwa ahadi iliyokuwa wazi: anayesoma huko, akahitimu na kujua Kifaransa, angeweza kuomba kubaki kwa njia ya haraka iliyoitwa Programme de l'expérience québécoise, inayofupishwa PEQ. Mwishoni mwa Oktoba 2019 waziri Simon Jolin-Barrette alitangaza kuibana njia hiyo kwa wale tu waliosomea fani zilizo katika orodha fulani, na kanuni hiyo ikawahusu hata waliokwisha kuanza masomo. Wanafunzi walifika bungeni, baadhi wakalia mbele ya wabunge, na tarehe 8 Novemba waziri akaiondoa kanuni yake. Kilio chao hakikuwa cha kudai mlango uwe wazi kwa kila mtu. Walidai kile ambacho wanasheria wa Kifaransa hukiita droits acquis, yaani haki ambazo mtu amekwisha kuzipata kwa kutimiza masharti ya awali, na ambazo kanuni mpya haipaswi kuzigusa. Ushindi huo ulidumu miaka mitano: mwishoni mwa Oktoba 2024 njia hiyo ilisimamishwa kwa wahitimu, na Novemba 2025 ikafungwa. Kijana aliyeondoka Kongo mwaka 2022, akachagua Québec badala ya Ubelgiji kwa sababu ya ahadi hiyo, alihitimu na kukuta haipo. Serikali kuu ya Kanada nayo, kuanzia tarehe 1 Januari 2024, ilikuwa imepandisha kiasi cha fedha ambacho mwombaji anapaswa kuonyesha kwa matumizi ya mwaka, kutoka dola za Kanada 10,000 hadi 20,635, mbali na ada ya chuo, na majuma matatu baadaye ikaweka ukomo wa idadi ya vibali vya masomo. Hatua ya fedha ilikuwa kali, lakini ilitangazwa kabla ya kuanza na iliwahusu waombaji wapya; kwa kipimo cha mhadhara huu, ingawa imewafungia wengi, haina kosa lile la PEQ.

Ufaransa ilikwisha kupita katika njia hiyohiyo. Waraka wa waziri Claude Guéant wa tarehe 31 Mei 2011 uliwaagiza maofisa wa mikoa kuwabana wahitimu wageni waliotaka kubadilisha hadhi ya mwanafunzi kuwa ya mfanyakazi, na vijana waliokwisha kuajiriwa na makampuni makubwa walipewa amri za kuondoka. Waraka huo ulifutwa tarehe 31 Mei 2012 baada ya serikali kubadilika. Waraka, tofauti na sheria, haupiti bungeni. Huandikwa na waziri na kufutwa na waziri, na ni katika karatasi za aina hiyo, zaidi ya katika sheria zenyewe, ambamo maisha ya mwanafunzi mgeni huamuliwa.

Ingekuwa rahisi kuishia hapo na kuzilaumu nchi za mbali, lakini hoja hii haiwezi kuwa ya haki bila kuitazama Kinshasa. Ibara ya 50 ya Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inaitaka Serikali ilinde haki na maslahi halali ya Wakongomani walio ndani na walio nje ya nchi. Mwaka 2017 serikali ilitangaza kwamba pasipoti za zamani, zile zilizoitwa nusu-biometria, hazingetumika tena baada ya tarehe 16 Oktoba, kisha ikasogeza siku hiyo hadi tarehe 14 Januari 2018, ingawa nyingi kati ya hizo zilikuwa na miaka ya uhai iliyoandikwa ndani yake. Pasipoti mpya ya biometria, yaani yenye alama za vidole na picha zilizohifadhiwa katika chembe ya kielektroniki, iliuzwa dola za Marekani 185, na shirika la habari la Reuters lilifichua Aprili 2017 kwamba dola 60 katika kila pasipoti zilikwenda kwa kampuni iliyosajiliwa Falme za Kiarabu. Kwa kuwa alama za vidole huchukuliwa ana kwa ana, mwanafunzi aliyekuwa katika mji usio na ubalozi wa Kongo alilazimika kusafiri, na pengine kuvuka mpaka wa nchi nyingine, ili apate karatasi ambayo bila hiyo nchi mwenyeji haifanyi upya kibali chake. Hadhi yake ugenini ilitikiswa na uamuzi wa kwao. Bei ilishuka hadi dola 99 baada ya mkataba wa kuzitengeneza pasipoti hizo kumalizika mwaka 2020, jambo la kusifiwa, ila waliopoteza vibali kati ya 2017 na 2018 hawakufidiwa.

Mwaka 2018 ulileta pigo jingine. Ubelgiji ilikuwa imefungua mjini Kinshasa, mwaka 2010, kituo kilichojulikana kama Maison Schengen, ambamo viza za muda mfupi za nchi nyingi za Ulaya ziliombwa mahali pamoja. Mzozo wa kisiasa ulipopamba moto mwanzoni mwa 2018, kuhusu Rais Joseph Kabila kuendelea madarakani baada ya muhula wake kwisha, serikali ya Kongo iliamuru kituo hicho kifungwe, na hakikufunguliwa tena ila mwaka 2019 kwa jina jipya. Waliolipa gharama ya ugomvi huo hawakuwa mabalozi: alikuwa mtafiti aliyealikwa kwa mkutano, mgonjwa mwenye miadi ya hospitali, na mwanafunzi aliyetakiwa kufika kwa usaili. Jambo kama hilo lilijirudia jirani kabisa tarehe 25 Januari 2025, siku mbili kabla ya Goma kuanguka, pale Kinshasa ilipowaita nyumbani wanadiplomasia wake wote kutoka Kigali. Kuvunja uhusiano na nchi inayotuhumiwa kuunga mkono waasi ni uamuzi ambao raia wengi waliuelewa. Lakini Wakongomani waliokuwa wakisoma katika vyuo vya Rwanda walibaki bila ofisi ya nchi yao ya kuwafanyia upya pasipoti wala kuthibitisha vyeti, na ulinzi wa Ibara ya 50 ungedai kwamba siku ile ile ubalozi wa nchi ya tatu ukabidhiwe kazi hiyo kwa niaba yao, kama desturi ya kidiplomasia inavyoruhusu.

Tumaini la karibu zaidi liko katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na ni tumaini lenye maandishi. Kongo ilikubaliwa kuwa mwanachama tarehe 29 Machi 2022 na kutia sahihi mkataba wa kujiunga tarehe 8 Aprili mwaka huohuo mjini Nairobi. Itifaki ya Soko la Pamoja ya Jumuiya hiyo, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, inatambua usafiri huru wa watu, na kanuni zake zinamtaja mwanafunzi kama kundi lenye kibali chake. Marais wa Jumuiya walitangaza pia, Mei 2017, eneo la pamoja la elimu ya juu, kwa nia ya kwamba masomo ya nchi moja yatambuliwe katika nyingine. Kenya iliondoa viza kwa Wakongomani tarehe 1 Septemba 2023, na Uganda ikafuata. Kwa kijana wa Maniema, ambaye Kiswahili ni lugha yake ya sokoni na ya nyumbani, kusoma Kampala, Dodoma au Eldoret kungekuwa jambo la kawaida zaidi kuliko kusoma Montréal. Hata hivyo kuondolewa kwa viza kumefungua mpaka tu, na hadhi bado inangoja. Kibali cha mwanafunzi kingali kinaombwa katika idara ya uhamiaji ya kila nchi, kwa ada na masharti yanayotofautiana, na mwombaji Mkongomani huja na udhaifu wa ziada: nchi ambayo kwa miaka mingi raia wake wametumia kadi ya mpiga kura kama kitambulisho haiwezi kunufaika na utaratibu ambao Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana wa kuvuka mpaka kwa kitambulisho cha taifa. Kwa hiyo pasipoti, ambayo jirani anaweza kuiacha nyumbani, kwa Mkongomani inabaki kuwa lazima, na mlango wa Jumuiya unamgharimu zaidi kuliko mwenzake anayeketi naye darasani.

Kinachopaswa kudaiwa kutokana na yote haya kinaweza kusemwa bila kutia chumvi. Ndani ya Jumuiya, ambako Kongo ina kiti na kura, panahitajika kanuni ya mpito iliyoandikwa, yaani kifungu kinachosema kwamba mwanafunzi aliyeanza programu kwa masharti fulani ataimaliza kwa masharti hayohayo, na kwamba mgogoro wowote kati ya serikali mbili hautagusa kibali chake mpaka mwaka wa masomo uishe. Kifungu hicho kingemlinda Mkongomani aliye Kigali leo, na kingemlinda pia Mnyarwanda au Mrundi aliye katika chuo cha Kongo, kwa sababu Kongo nayo ni nchi mwenyeji, yenye idara yake ya uhamiaji, DGM, na haiwezi kudai kwa wengine uvumilivu ambao haiutoi kwao. Kwa nchi za mbali, ambako Kongo haina kura, kilichobaki ni wajibu wa ubalozi: kutangaza mabadiliko kwa Kifaransa na kwa lugha za taifa siku yanapotokea, kueleza Kongo ipi imetajwa na ipi haikutajwa, na kuyafikisha Kindu, Kananga na Gemena kwa redio badala ya kuyaacha yasambae kama uvumi katika simu.

Upo pia wajibu ambao hauhitaji Nairobi wala Washington, nao unahusu wale wanaorudi katikati. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 elimu ya juu ya Kongo imeingia kwa jumla katika mfumo wa LMD, yaani Licence, Master na Doctorat, ambamo somo hupimwa kwa krediti, na krediti, kwa tafsiri yake ya kisheria, ni kipimo kinachobebeka kutoka chuo kimoja hadi kingine. Mwanafunzi aliyerudi kutoka Bujumbura, Kigali au Québec akiwa amemaliza miaka miwili na kupoteza hadhi yake ana krediti mkononi, na sheria ya mfumo inaruhusu zihesabiwe. Katika mazoea, mara nyingi huambiwa aanze upya mwaka wa kwanza, ama kwa sababu hati zake za matokeo hazijathibitishwa na ubalozi ambao haupo tena, ama kwa sababu kitivo hakina mtu aliyepewa kazi ya kuzilinganisha. Chuo Kikuu cha Kindu, na vyuo vingine vya mkoa, vinaweza kuunda kamati ya kudumu ya ulinganishaji, inayokubali kupokea matokeo moja kwa moja kutoka kwa msajili wa chuo cha nje kwa barua pepe, inayompa mwanafunzi jibu la maandishi kabla ya mihula kuanza, na inayomruhusu kukaa darasani kwa muda wakati uthibitisho ukisubiriwa. Gharama yake ni ya maofisa wachache na kompyuta, na idadi ya wanaoihitaji katika Maniema itaongezeka kadiri orodha za Washington, nyaraka za mawaziri na mipaka ya Kivu zinavyoendelea kubadilika.